Kibali cha Hitma ya Mama

Miaka hiyo shughuli yoyote ilihitaji kibali, na kibali hakikutolewa ila kwa wazo ambalo halijawahi kufanywa na mtu. Riziki, aliyeendesha kikundi kidogo cha shughuli za mtaa pale Ngamiani, aliishi kwa kubuni. Alishaozesha watu juu ya tangi la maji, na harusi ikafana. Lakini hitma ya mama yake ilimshinda.

"Watu wasome, wale pilau," aliiambia Kipima, mashine ya kutoa vibali iliyotundikwa ukutani.

"Imeshafanywa."

"Wasome, wasile."

"Imeshafanywa."

"Mshenzi wewe! Mama yangu alishakufa lini kabla ya hapa?"

"Hitma za mama zimeshafanywa."

Uani, majirani walishatandika mikeka wakichagua mchele, maana Ngamiani hitma haina mwaliko. Watu huja tu. Wangekutwa bila kibali, wangefungwa wote. Riziki akatoka akiwaka.

"Tokeni! Tokeni kwangu na masinia yenu!"

"Mwanangu, tumekuja kukupa mkono wa pole," alisema Bi Mwanahawa, shoga yake mama.

"Sitaki mkono wa mtu!" Akaupiga ungo teke, mchele ukatapakaa mchangani.

Ndani, kengele ikalia. "Mfiwa kufukuza wanaompa pole siku ya hitma: haijawahi kufanywa. Kibali kimetolewa. Hongera."

Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakijifunga kanga. Riziki akafungua kinywa awarudishe, lakini kibali alichopewa kilikuwa cha kufukuza tu.