Kitanda cha Saba

Mkufunzi alimwomba Sista Pelajia, mkuu wa wodi, ajilaze kitanda cha saba na kujifanya mgonjwa. Somo lenyewe lilikuwa jepesi: mgonjwa akitaka kushuka peke yake, yeyote atakayemwona apige kelele, awe daktari, awe mfagizi, na wenzake wakimbilie.

"Hapa hakuna mkubwa wala mdogo," alisema. "Haya Sista, shuka."

Pelajia aliinuka, akakaa ukingoni miguu ikining'inia. Godoro lilikuwa bado limebonyea pale alipolala mzee Chande hadi Jumanne iliyopita. Siku hiyo Siwema, mfagizi, alimjia mbio mezani. "Sista, babu wa kitanda cha saba anashuka!" Naye, bila kuinua macho kwenye mafaili, akamjibu, "Siwema, kazi yako ni sakafu." Hata hajaweka kalamu chini, kishindo kikasikika. Mzee hakuamka tena. Kwenye ripoti Pelajia aliandika kwamba hakuna aliyemwona.

"Shuka, Sista," mkufunzi alirudia.

Wauguzi walitegeana. Nani athubutu kumpigia kelele mkubwa wake? Siwema alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kitandani, dekio mkononi, sakafu aliyotoka kuipiga deki ikimeremeta maji. Alimtazama Pelajia usoni, akamtazama sana, kisha akainamisha macho sakafuni, kama alivyoagizwa.

Pelajia alinyoosha mguu, akawa anapapasa chini kwa ncha ya kidole, masikio yote yakingoja sauti ya Siwema.