Mipira Miwili kwa Sukari

Tap. Kimya kidogo, kisha tena: tap, tap.

Olive alisimama kwenye korido, mkono juu ya tumbo lake la miezi saba. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, lakini Desemba ya Rissne, huko kwenye nchi ya Waswidi, ilikuwa imekwisha kulimeza jua, na jikoni hakukuwa na taa. Mama mkwe wake hakuwa na haja nayo. Mama Spéciose alikuwa kipofu kwa miaka kumi na minane sasa, na sauti ile ilikuwa ya vidole vyake vikivuta mipira myembamba kwenye makopo, mipira ileile inayofunga vitunguu vya majani dukani Rinkeby. Mpira mmoja, chumvi. Miwili, sukari.

"Nakuachia jiko likiwa na akili zake," alisema bila kugeuka. "Usije ukampikia mwanangu uji wa chumvi."

Akacheka. Olive hakuweza.

Sanduku lilikuwa mlangoni tangu jana. Leo mumewe, Désiré, alikuwa anampeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee, Jakobsberg. Na kosa lilikuwa la Olive.

Mwezi mmoja nyuma ilikuja barua ya manispaa: chumba kimepatikana, kitasubiri mpaka mwisho wa mwaka. Désiré aliisoma kwa sauti, kisha akaapa. Mama yake alale kwa watu wa kulipwa, yeye akiwa hai? Labda kanisa zima lije limwamuru. Mama Spéciose hakubishana na mwanawe. Aliomba tu asomewe barua mara ya pili, akaenda chumbani kumpigia simu Concessa, rafiki yake wa kwaya, ambaye tayari aliishi kulekule Jakobsberg. Olive alisikia sauti yake ikipanda na kushuka nyuma ya mlango, akamhurumia.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kesho yake, Olive akaosha kila kitu jikoni, hata makopo. Alivua mipira, akairudisha haraka haraka huku sufuria ikifurika.

Jumapili Mama Spéciose hakutaka msaada wa mtu. Alipika chai ya maziwa mwenyewe, na mjukuu wake Denise, wa miaka sita, akamshikia vijiko. Aliwagawia wote kikombe kimoja kimoja. Yeye, alisema, angekunywa baadaye.

Mchungaji Gédéon alimeza kwa heshima, macho yakimtoka. Mama Ghislaine, ambaye heshima ya namna hiyo hakuzaliwa nayo, aliuliza kama ile ni chai ama ni mchuzi wa samaki.

Walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Walimvuta Désiré pembeni. Leo chumvi, walimwambia, kesho moto. Mama yetu amechoka, mpeleke akatunzwe.

Olive alikuwa amekwisha kuona mipira ilivyokaa. Alifungua mdomo aseme, na kabla neno halijatoka, wazo jingine likamjia: chumba. Chumba cha mtoto anayekuja. Akaufunga mdomo. Jioni ile aliirudisha mipira mahali pake kwa siri, kama mwizi anayerudisha kuku aliyekwisha kuchinjwa.

Tangu hapo kila chai aliyomiminiwa aliiacha ipoe mezani. Mama mkwe alimwuliza kama ni mimba, naye akasema ndiyo, ni mimba.

Sasa Désiré aliliinua sanduku. Mama Spéciose, koti limefungwa hadi kidevuni, alinyoosha mkono kuutafuta uso wa mkwewe ili amuage. Vidole vikakuta machozi.

"Ni mimi," Olive alisema. "Mama, unisamehe. Baba Denise, ile chumvi ni mimi. Niliosha makopo, nikabadilisha mipira. Mama hakukosea kitu. Nikanyamaza kwa sababu nilikitaka chumba chake."

Désiré alimtazama mkewe. Aliweka sanduku chini, akaanza kufungua vifungo vya koti la mama yake, kimoja kimoja, kama anavyomvua Denise akirudi shuleni.

"Basi Mama haendi popote," alisema. "Nitampigia mchungaji."

Olive aliungoja uso wa mama mkwe wake ufunguke kwa furaha. Mama Spéciose alikuwa ameishika kola ya koti kwa mikono miwili, wala hakuiachia.

Denise, aliyekuwa tayari amevaa viatu vyake vya theluji, alimvuta mama yake mkono. Hakupenda kumwona akilia. Siku zote alijibu kwa Kiswidi, lakini safari hii alitumia Kiswahili alichofundishwa na bibi yake, Koko kama Denise alivyozoea kumwita, akasema waziwazi ili kila mtu asikie:

"Lakini Koko aliionja kwanza ile chai ya chumvi, akacheka."