Kigezo cha Beki Bora

Mjini Voi marehemu walichezeshwa mpira wa magongo ndani ya kompyuta, na jamaa zao wakawatazama kila Jumamosi. Kila msimu ulipokwisha, beki bora peke yake ndiye aliyebakizwa. Mabeki wengine walizimwa.

Mwaka mmoja Wakesho aliteuliwa kwenye kamati ya kupanga vigezo. Alijua fika kwamba marehemu mumewe, Mghanga, alikuwa beki wa kukimbilia mabao na kuacha lango wazi. Aliyekuwa akimzibia pengo ni beki mwenzake Mwandoe, marehemu mwana wa jirani yake Mkamburi. Hata hivyo Wakesho alisimama kikaoni akasema, "Beki naye apimwe kwa mabao." Wenzake wakaafiki.

Mghanga akashinda. Mwandoe akazimwa.

Jumamosi iliyofuata Mkamburi alibisha hodi, kabeba chupa ya chai.

"Hongera, dada yangu. Naomba nimtazame Mghanga pamoja nawe. Walicheza timu moja, huenda akamtaja mwanangu."

Wakesho alimsogezea kiti, uso ukimwaka kwa aibu. Mghanga alipofunga bao, Mkamburi ndiye aliyepiga makofi. Wakesho hakuthubutu kuinua macho.