Mtutu wa Nyamizi

Fundi Machibya alilaza mitutu miwili ya bunduki kwenye mizani yake ya sahani mbili. Upande wa chuma kitupu ukazama. Ule uliozungushiwa nyuzi za kaboni ukapaa.

"Unatembea sana au unapiga sana, afande?"

"Natembea kutwa," alijibu Nyamizi, askari wa wanyamapori. "Risasi napiga moja kwa mwaka."

"Basi chukua mwepesi, usijitese."

Lakini kwa Machibya hakuna aliyechukua mtutu kabla ya kulenga msumari wa ukutani kwa pumzi kumi. Nyamizi aliinua mwepesi. Ulikaa mkononi kama ufito, raha tupu, ila ncha ilicheza kwa kila pigo la moyo. Akainua wa chuma. Kufikia pumzi ya sita bega lilikuwa linawaka moto, na ncha imetulia palepale kwenye msumari. Akairudisha yote mizanini.

"Na hiyo risasi moja ya mwaka huu?" fundi akauliza.

"Nilimpiga nyati, sikumuua. Mpaka leo yumo kwenye mashamba ya watu, wanawake wanaogopa kwenda kupalilia."

Machibya akaitazama tena mizani.

"Nifungie wa chuma, Fundi. Kuchoka nitachoka mimi."

Nyamizi hakumngoja fundi auchukue. Aliunyanyua mwenyewe, kwa mkono mmoja, na ile sahani ya mwepesi iliyokuwa juu ikashuka mezani kwa kishindo.