Nyasi za Jumamosi

"Papa Donatien, na mulima itaweza kupanda?"

Donatien alitoa kichwa chini ya mashine, grisi imemjaa mpaka viwikoni. Katika miaka yake ya ufundi hapa Bukavu alishasikia maswali ya kila namna, lakini hili lilimshinda. Mashine ya kukata nyasi, tena kuukuu, ile ya kukaliwa kama trekta dogo, ipande mlima gani?

"Weye unataka kukata majani ao unataka kuenda kule mulimani Kabare?"

Bruno alicheka tu, akaendelea kuyasugua matairi kwa brashi ya nguo.

Bruno alikuwa mlinzi wa nyumba hii ya Muhumba, mtaa wa matajiri. Mwenye nyumba, Mbelgiji mmoja, alikimbia vita vya kwanza vya Kongo, na siku ya kuondoka aliinyooshea mashine kidole: hii ni yako. Tangu hapo ililala nyuma ya jiko chini ya turubai, na hiyo ndiyo bahati yake, maana vita vya pili vilipokuja, wanajeshi walibeba karibu kila chenye magurudumu mtaani.

Sasa Jumamosi wazee wa Colombe, mchumba wake, wangefika.

"Ikikata muzuri mbele ya muzee Akonkwa, bananipa Colombe," Bruno alikuwa ameeleza. "Ikikatala, bibi sina."

Na kukataa ilikuwa imekataa kweli. Chini ya tumbo lake kuna visu vitatu, kila kimoja kimening'inia kwenye ekseli yake fupi, na roulement, yaani beringi za kuzungushia ekseli hizo, zilikuwa zimekwisha. Visu vilicheza kama meno ya kizee. Ukiiwasha ilipiga kelele ya kuamsha wafu, na nyasi haikuzikata, ilizing'oa.

Donatien alifungua zote tatu. Ekseli zilizolika alizijaza kwa kuzichomelea, akaenda kuzichonga upya kwa rafiki yake mwenye mashine ya kuchongea vyuma. Roulement za ekseli mbili alizipata kwenye kinu cha unga kilichoungua. Ya tatu ikamkosesha usingizi. Alizunguka soko la Kadutu lote akarudi mikono mitupu, amekasirika.

"Si uite bavijana na coupe-coupe, mapanga yabo, asubui moja tu wamemaliza?"

"Apana, papa. Lazima mashini yenyewe ikate. Muzee anataka kuiona na macho yake."

"Basi fungulia ng'ombe, zikule ile majani yote."

"Ng'ombe ya wapi, papa? Tangu basoda bapite na bunduki zabo, kule mulimani kwa bakina Colombe ma zizi zote hazina kitu."

Donatien akasonya. Alimjua Bruno kama kijana asiye na makuu, na sasa tazama Muhumba ilivyomharibu: vita havijaisha, watu hawana chumvi, yeye anataka harusi ya kupigia picha juu ya nyasi za kizungu.

Ijumaa alifika mapema kwenye karakana yake, akasimama mbele ya mashine yake ya kunolea, ile inayomlisha yeye na watoto. Roulement iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya kipimo kile kile. Alijua tangu Jumatatu. Alikuwa akijifanya hajui. Akamkumbuka Bruno anavyosugua matairi huku akipiga mluzi, akamhurumia. Akajihurumia na yeye mwenyewe. Kisha akachukua spana.

"Nakuazima tu," alimwambia Bruno alipofika nayo. "Jumatatu naitoa."

Mluzi ukakatika. "Papa, sitaki kukudanganya. Ikiingia mule, haitatoka tena."

Donatien akainama chini ya mashine. Vijana wa siku hizi, hata kuomba hawajui. Halafu akaigonga roulement mahali pake, pole pole, akaipaka grisi kuliko zile nyingine.

"Bibi yako ajue kupika, basi."

Jumamosi muzee Akonkwa, baba wa Colombe, alifika amevaa koti lake la kanisani, fimbo ndefu mkononi. Nyuma yake shangazi wawili walibeba kasiksi, pombe ya ndizi, na Colombe mwenyewe alitembea akitazama viatu vyake.

Bruno akawasha. Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma kwa sauti moja laini. Ikaenda mpaka ukutani, ikageuka, ikarudi, na nyuma yake nyasi zilikuwa zimelala sawasawa. Hakuna kisu kilichocheza. Donatien nusura apige makofi.

Lakini muzee hakuziangalia nyasi. Hata kidogo. Aliizunguka mashine mara mbili. Akaibonyeza matairi kwa fimbo, akaipiga piga ubavuni kwa kiganja, akaagiza iinuliwe upande mmoja, akachungulia visu.

"Meno iko ya nguvu," alisema. "Haina hasira?"

"Asubui kidogo, muzee," Donatien alijibu. "Kisha inatulia."

"Na mulima?"

"Inapanda," alisema Bruno. "Tulishaijaribu."

Shangazi wakatazamana. Jasho lilimshuka Bruno mpaka kwenye kola, na Colombe sasa alikuwa ameinua macho, akimwangalia baba yake bila kupepesa.

Muzee aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kamba mpya ya katani. Akaifunga kwenye usukani, akakaza fundo, akaijaribu kwa kuivuta.

"Ng'ombe ya kwanza tumeipokea," alisema. "Ile ya pili, mutafute yenye kutoa maziwa."