Bangili ya Mama

Kiwandani kwetu mshonaji hachoki. Uchovu wake huenda nyumbani, kwa ndugu aliyevaa bangili yake. Mimi hubebewa na mama. Nashona mashati kutwa, narudi naimba, namkuta amejilaza mkekani. Akizidiwa yeye, na vidole vyangu huwa vizito.

Jana vilikuwa vyepesi ajabu. Msimamizi wetu, Bwana Kitwana, alisimama nyuma yangu akacheka. "We Zamoyoni, leo umekunywa nini?"

Nyumbani nikamkuta mama anasukuma chapati huku akitaniana na jirani dirishani. Nilifurahi mno.

"Umepata nguvu, mama?"

"Nyingi tu, mwanangu. Bangili niliivua asubuhi nikande unga."

"Iko wapi?"

Tukatazamana.

Binti yangu Tatu, wa miaka minne, alikuwa amelala mlangoni, kipande cha chapati bado mdomoni. Bangili alikuwa ameipandisha mpaka juu ya kiwiko, isimdondoke.

Leo Bwana Kitwana amenisubiri getini. "Aliyekubebea jana," amesema kwa upole, "aendelee huyo huyo."

Nimeitikia, nikakaa kwenye cherehani. Vidole ni vizito, kwa hiyo ni mama. Kila vinapokwama, nashukuru. Naye Bwana Kitwana amesimama palepale nyuma yangu, ananitazama.