Njia Iliyokuwa Kichwani

Meli ilikuwa imeshang'oa nanga, na Luteni Shebwana alikuwa akiipitisha katikati ya mabomu aliyoyatega mwenyewe mlangoni mwa bandari. Njia aliijua yeye peke yake. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa miongoni mwa abiria waliokuwa wakihama.

"Nahodha, nakuchorea njia sasa hivi. Niache niende naye."

"Si wewe uliyetufundisha kwamba ramani huibwa? Au meli ya kesho aje aitoe mama mkwe wako?"

Walipolipita bomu la mwisho, mabaharia walimteremsha Shebwana kwa ngazi ya kamba hadi kwenye boti ya kumrudisha. Akaing'ang'ania ile ngazi.

"Iachie, baba, utaanguka!" Mwanahawa alilia kutoka juu.

Akaiachia.

Meli ilifika salama. Nahodha alistaafu. Mwanahawa aliolewa ng'ambo. Shebwana bado anazitoa meli.